Golf, A3 au 118i ya mtumba Dar: dalili, sababu, na lini uachane nayo

Wakuu, swali ni lile lile kila siku, mtu kaona VW Golf au Audi A3 au BMW 118i yadi, namba D (usajili wa herufi D), bei inakaribiana kabisa na Toyota IST ya mwaka huo huo, ndani viti vizuri, mlango ukifunga unasikia kabisa hapa kuna chuma, achukue au aache? Mimi nasema bei iliyobandikwa kwenye kioo haikwambii kitu, kinachokwambia ni dalili. Hizi hachibaki (gari fupi zisizo na buti la kuchomoza) za Ulaya zinasumbua kwa mambo machache yanayojirudia, yale yale kwa kila mtu, na ukiyajua unaweza kusimama na dalali pembeni ukajua hili ni la kupunguziwa bei tu na lile ni la kumshukuru na kuondoka. Nimepanga kwa dalili, sababu inayoongoza naitaja kwanza.

Kabla hujafika kwenye gari, mambo mawili. Mwambie muuzaji asiiwashe kabisa siku hiyo mpaka ufike, ukifika weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho asubuhi. Pili nenda na fundi mwenye mashine inayoingia mpaka ndani kwenye gari za VW au BMW, asome gia boksi, ABS, eabegi, vyote. Vile vidude vya bluetuthi vya bei chee vingi vinasoma injini tu, gia boksi inaweza kuwa imejaa makosa na chenyewe kikakwambia gari safi.

Inatetemeka au inasita ikiondoka, hasa foleni

Hii ndo namba moja kwa Golf, Polo, A1 na A3. Kwanza jua una gia boksi gani. Kuna DSG, yaani gia boksi ya VW yenye klachi mbili inayobadili gia yenyewe, ya gia 6 ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili, hiyo iko kwenye Golf ya tano (kizazi cha tano) GT TSI na GTI. Kuna ya gia 7 yenye klachi kavu, mafundi wanaijua kama DQ200, ilianza 2008 na ndo iko kwenye Golf ya sita 1.4 TSI, Polo 1.2 TSI na ndugu zao wa Audi. Alafu kuna otomatiki ya kawaida ya gia 6 kwenye Golf ya tano za 1.6 na 2.0 FSI, hiyo sio DSG kabisa na matatizo yake ni mengine.

Ya gia 7 ikitetemeka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, sababu kubwa ni klachi zenyewe kuisha. Foleni ya Mandela au ile ya kutoka Mbezi kuja Ubungo ni kuondoka na kusimama muda wote, kila ukiachia breki kidogo klachi inasugua na haina oili ya kuipoza. Inayofuata ni mpangilio wa kompyuta ya gia boksi kuhama, hii ni nafuu, fundi mwenye mashine anaifundisha upya vipimo vya klachi na mara nyingine mtetemo unaisha pale pale. Ya tatu ndo inayoumiza, mekatroniki, yaani ile kompyuta na pampu na valvu zake zote kwa pamoja ndani ya gia boksi. Hapo utaona herufi za gia zinamwekamweka kwenye dashibodi, au alama ya spana inatokea, au gari imebaki na gia 1, 3, 5 na 7 tu, za shufwa zimepotea na rivasi imeenda nazo. Ikifika hapo hata kugeuza gari getini kwako ni kusukuma.

Na hili la joto watu wanalichukulia poa lakini VW wenyewe mwaka 2013 waliita zaidi ya gari milioni moja na nusu duniani zenye hii gia boksi ya gia 7, wakatoa oili ya sintetiki wakaweka ya madini, kwa sababu kwenye nchi za joto na unyevunyevu ile oili ya mwanzo iliweza kusababisha shoti ya umeme ndani. Joto na unyevunyevu ndo Dar yote kuanzia Novemba mpaka Machi. Kwa hiyo ukiona gari ya kabla ya 2013 muulize muuzaji kama ile kazi ilifanyika, angalia kitabu cha sevisi kilichotoka nacho Japan, hata kama husomi Kijapani tarehe na kilometa utaziona.

Jinsi ya kuipima. Ijaribu ikiwa baridi, alafu iendeshe angalau dakika 30 na nyingi ziwe za foleni, maana gia boksi inayokufa mara nyingi inakuwa nzuri kilometa za mwanzo na inaanza vituko ikishapata moto. Tafuta kimlima kidogo, weka D, achia breki bila kugusa mafuta, isogee yenyewe taratibu bila kugonga. Weka rivasi ipande kinyumenyume. Toka D kwenda R mara kadhaa gari ikiwa imesimama, usikie kama kuna kishindo. Ukisikia mtetemo tu bila taa yoyote na mashine haioni kosa, hapo unaongea bei, na punguzo liwe la seti nzima ya klachi pamoja na kazi. Gia zikimwekamweka au gari ikikosa rivasi hata mara moja, ondoka. Usikubali "imewahi kufanya hivyo mara moja tu, ukiizima na kuiwasha inakaa sawa".

Ya gia 6 yenye oili ni ngumu zaidi kufa lakini ina masharti, oili na filta yake vinabadilishwa kila kilometa 60,000 na ni karibu lita 5 za oili maalumu ya DSG, sio ATF (oili ya otomatiki) ya kawaida ya dukani. Haina kijiti cha kupimia, kiwango kinapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 35 mpaka 45 huku mashine imeunganishwa. Fundi akikwambia anapima kwa macho, simamisha kazi hapo hapo, hii sio ya kujaribia. Nami kama gari ni ya kwenda Posta na kurudi Tegeta kila siku, ningechukua Golf ya otomatiki ya kawaida au hii ya gia 6 kabla ya ile ya klachi kavu, hata kama ile nyingine ni mpya zaidi na inakula mafuta kidogo.

Kelele ya kugongagonga ukiwasha asubuhi, sekunde chache, alafu inatulia

Muuzaji atakwambia ni kawaida ya injini za Kijerumani. Kuna mlio mmoja kweli ni wa kawaida, ule mlio mwembamba wa tiktiki unaoendelea muda wote, ni nozo na pampu ya presha kubwa. Ila mlio mnene kama mnyororo unatikiswa kwenye debe, upande mmoja wa injini, sekunde mbili mpaka tano tu baada ya kuwasha, huo ni taimingi cheni.

Sababu ya kwanza na rahisi ni oili, imepungua au ni nzito sana au imekaa mno. Kikaza cheni kinajazwa na presha ya oili, sasa mtu akimimina 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-40 oili inachelewa kufika. Sababu ya pili ni kikaza chenyewe kuchoka. Ya tatu ni cheni kurefuka, na hii ndo sifa mbaya ya 1.2 TSI na 1.4 TSI za kizazi cha kwanza. Za Golf ya saba kuja juu walibadilisha injini wakaweka mkanda, kwa hiyo huko kelele hii hutaikuta. Mini Cooper ya pili na Peugeot 207 zenye ile injini ya 1.6 waliyotengeneza pamoja Peugeot na BMW zina ugonjwa huo huo wa kikaza.

Anza kwa kuchomoa kijiti, uone kiwango na rangi. Kisha mashine, ikisema kamshafti na krankshafti hazipo sawa, kosa P0016, cheni imeshafika pabaya. Kama kelele iko lakini hakuna kosa unaweza kununua kwa sharti la kubadilisha seti nzima, cheni, kikaza, reli za kuiongoza cheni na gia zake, kabla hujaanza kuitumia. Kubadilisha kikaza peke yake kwenye cheni iliyorefuka ni kutupa hela.

ONYO: cheni ikiruka meno kwenye hizi injini valvu zinagonga pistoni. Kelele ikizidi au gari ikizima ghafla na starta inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, usiendelee kupiga starta, usiwaambie vijana wasukume, ita breakdown ivutwe mpaka gereji.

Inachemsha, au maji yanapungua kila wiki

Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui. Geji ya joto ya VW imetengenezwa ikae katikati kwenye 90 hata joto halisi likiwa linapanda na kushuka, injini ikiwa karibu 75 au zaidi ya 100 kidogo mshale unakaa pale pale. Ukiuona umevuka katikati ujue mambo yameshaharibika kitambo. BMW 118i ya umbo la E87 yenyewe haina kabisa geji ya joto, inakuwashia taa tu. Kwa hiyo usiseme "mshale umetulia", fundi asome joto halisi kwenye mashine, gari ikiwa imesimama inanguruma na AC imewashwa.

Inapanda ukisimama na inashuka ukitembea? Kwanza feni, kisha rejeta iliyoziba au iliyojaa uchafu mbele. Inapanda hata ukiwa spidi? Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) imepungua, au pampu ya maji, au themostati (valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta) imekwama, na mwisho kabisa gasketi ya silinda hedi. Maji yanapotelea wapi, mara nyingi ni pampu ya maji na nyumba ya themostati ambayo ni ya plastiki, inapasuka kwa umri. Mulika tochi utafute ukoko mweupe au wa pinki pembeni ya injini. Zile 1.4 TSI zenye tabo na suparchaja pamoja, pampu ya maji imebeba pia klachi ya sumaku ya suparchaja, uliza bei yake kabla hujasema "si pampu tu".

Sasa mambo mawili tunayojifanyia wenyewe hapa mjini. Moja ni kujaza maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, yanakula aluminiamu na kuziba rejeta. Weka kulanti ya aina yake, kwa VW ni ile ya pinki au zambarau, ichanganywe na maji safi ya betri (distilled water), sio asidi. Lingine ni kutoa themostati "ili gari ipoe". Naomba sana muache hii. Injini ya namna hii ikiwa ya baridi kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi ikidhani ndo imewashwa sasa hivi, oili haifiki joto lake, na wewe unalalamika gari inakunywa wese kama V6. Ukikuta gari inauzwa na imetolewa themostati jiulize ilikuwa inachemsha kwa sababu gani, maana ile sababu bado ipo.

ONYO: taa nyekundu ya joto ikiwaka, pembeni, zima, subiri ipoe kabisa ndo ufungue kifuniko, maji yana presha yatakuunguza uso. Usimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto. Na ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, au tanki la maji linatoa mapovu injini ikiwaka, haiendeshwi tena hata kilometa moja.

Inakula oili, moshi wa bluu

Kitabu cha VW chenyewe kinakubali mpaka nusu lita kwa kilometa 1,000, kwa hiyo kupungua kidogo kusikutishe. Kagua uvujaji kwanza, gasketi ya tapeti kava na ya nyumba ya filta ya oili, BMW zinavuja sana hapo na oili inadondokea sehemu ya moto ndo ile harufu ya kuungua ukisimama taa. Pili ni valvu ya kupumulia ya injini, ni ya bei ya kawaida na inaponya gari nyingi zilizohukumiwa ovahoo. Baada ya hapo ni sili za valvu, ambazo ni tabia ya 118i na 120i za miaka ile, utazijua hivi: acha inguruma dakika 10, kisha kanyaga mafuta, wingu la bluu likitoka nyuma alafu likaisha, ni sili. Mwisho ni tabo na ringi za pistoni. Kwenye A3 na GTI zenye 1.8 na 2.0 za takriban 2008 mpaka 2012 ringi ndo kisa kinachojulikana, na hapo ni kufungua injini. Mwenye gari akikwambia anatembea na galoni ya oili kwenye buti, amekwambia bei halisi ya gari yake.

Inamisi, haivuti, chek injini inawaka

Plagi kwanza, kisha koili. Hii unaweza kuipima mwenyewe, mashine ikisema silinda ya 2 inamisi hamisha koili yake uipeleke ya 3, kosa likihama nayo umeshaipata. Mafuta machafu yanafuata. Kisha masizi kwenye valvu za kuingizia hewa, na hapa mafundi wanawala watu hela: injini za TSI na FSI zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kwenye valvu, kwa hiyo hata ukiosha nozo au ukimimina chupa ya dawa kwenye tanki yale masizi hayaguswi. Ni kufungua manifoldi na kuyasafisha kwa mkono au mashine. Ikishindikana yote pima kompresheni, 1.4 TSI za nguvu kubwa pistoni zake zinavunjika kwenye sehemu ya ringi.

ONYO: chek injini ikiwa inamwekamweka, sio kuwaka tu, ondoa mguu na usimame, petroli isiyoungua inaenda kuyeyusha kataliti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Na usilegeze paipu ya mafuta juu ya injini, presha yake sio ya petroli ya kawaida, inaweza kufika zaidi ya bar 100, muachie mwenye kujua.

Taa nyingi dashibodi kwa mpigo

Betri, karibu kila mara. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, volti 12.4 kwenda juu, na ikiwaka iwe kama 13.8 mpaka 14.6. Isipokuwa hivyo ni betri au oltaneta. Betri ikiwa nzima, pandisha kapeti ushike sponji ya chini yake, ikiwa imelowa kuna njia za maji za sanrufu au za chini ya waipa zimeziba, au gari imeogelea kwenye mafuriko ya masika. Ya mafuriko usiinunue kwa bei yoyote, moduli zake zinakufa moja moja miezi mizima. Alafu washa swichi bila kuwasha injini uangalie taa ya eabegi, lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa kuna mtu kaificha, na eabegi sio ya kuchokonoa na fundi umeme wa kawaida.

Miguu ya mbele ikigonga kwenye matuta ni link, kisha bushi za lowa amu, kisha shokapu, vyote ni vya kuongelea bei na vinapatikana. AC isipopoza usisikilizie mlio wa klachi ya kompresa, VW nyingi hazina, pima gesi na angalia kondensa ya mbele kama imetobolewa na mawe.

Mafuta yanaisha kuliko ulivyoambiwa

Upepo wa matairi, breki inayoshika, themostati iliyotolewa, sensa ya oksijeni, kwa mpangilio huo. Pima tanki likijaa mpaka likijaa tena, usitegemee kompyuta ya dashibodi, na kumbuka zile kilometa kwa lita za kwenye karatasi za Japan hazikupimwa Buguruni saa kumi na moja jioni.

Hesabu ya kuitunza

Kabla hujalipa hata adivansi pigia simu maduka matatu ya Kariakoo, Gerezani na Ilala na namba ya chesisi mkononi, uliza bei ya pampu ya maji, seti ya klachi au sevisi ya gia boksi, seti ya cheni, koili nne na shokapu za mbele. Uliza na kama ipo dukani au inaagizwa, maana spea ya kusubiri wiki tatu kutoka Dubai au Uingereza ina gharama ya bajaji na Bolt kila siku. Jumlisha. Ushauri wangu uwe na kama robo ya bei ya gari imekaa pembeni siku unapoichukua, na kama kununua tu kumekumaliza, chukua IST kwa amani kabisa, hakuna aibu. Oili badilisha kila kilometa 7,000 au 8,000, achana na zile 30,000 za Ulaya, za kule ni za barabara ndefu na baridi.

Spea used ziko za kununua na za kuacha. Taa, kioo cha pembeni, mlango, bampa, rimu, chukua za mtumba bila wasiwasi. Pampu ya maji, themostati, cheni na vikaza vyake, koili, chukua mpya hata kama ni za kampuni nyingine yenye jina. Mekatroniki ya mtumba usilipie mpaka fundi akuhakikishie ana uwezo wa kuiandika upya iendane na gari yako, na muuzaji akubali kwa maandishi kuirudisha, kwa sababu ukishaifunga ikagoma kuongea na gari, duka litasema umeiunguza wewe.